Mada ya Uratibu: Dawa na Sumu Zinazozuia Vimeng'enya vya Ubongo

Mada hii inaunganisha sura mbili ambazo watahiniwa wengi huzisoma kana kwamba hazijuani: vimeng'enya, uliyoisoma kwenye lishe, na uratibu, uliyoisoma kwenye mfumo wa neva. Swali likizigusa zote mbili kwa pamoja, hata mwanafunzi mzuri huanza kuandika kila anachokumbuka. Soma kwanza hapa kwa Kiswahili mpaka uelewe, halafu rudia istilahi za Kiingereza katika daftari lako, kwa sababu ndizo utakazoziandika kwenye mtihani.

Utakayosoma yote yanasimama juu ya hoja moja. Kitu kinachozuia kimeng'enya kinaweza kuwa dawa na kinaweza kuwa sumu. Kinachoamua ni kimeng'enya kipi kimezuiwa, kiko wapi mwilini, kwa kiasi gani, na kama kizuizi hicho kinaachia au hakiachii.

Kumbukumbu fupi

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha mmenyuko wa kikemia bila yenyewe kuisha. Kina eneo tendaji, yaani mahali ambapo dutu inayofanyiwa kazi hukaa na kubadilishwa. Kizuizi ni kitu kinachokaa hapo, au kinachokibadilisha kimeng'enya umbo, hata kazi ikapungua au ikasimama.

Fikiria mizani ya AMCOS msimu wa korosho. Wakulima wako foleni na magunia yao, na mpimaji anapima moja baada ya jingine. Mtu akija akaweka jiwe juu ya mizani, kazi inasimama ingawa mizani yenyewe ni nzima. Akiliondoa, upimaji unaendelea. Hicho ni kizuizi kinachoachia. Lakini jiwe likiwa chuma na mtu akalichomelea pale, mizani hiyo imekwisha kazi hadi iletwe nyingine. Hicho ni kizuizi kisichoachia. Mwili nao huleta mizani nyingine kwa kutengeneza protini mpya, lakini kazi hiyo huchukua siku nyingi, wakati mwingine wiki.

Usiandike kwamba kizuizi "kinaua" kimeng'enya. Kimeng'enya si kiumbe hai. Andika kwamba kinazuia au kinasimamisha utendaji wake.

Masasi, 1988: kizuizi kisichobagua

Mwaka 1988, wakati wa ukame, watu wa wilaya ya Masasi walipata sumu kali baada ya kula ugali wa mihogo michungu. Mihogo ile ile walikuwa wameila miaka yote. Kilichobadilika ni utayarishaji. Kwa kawaida mihogo humenywa na kuanikwa kwa wiki kadhaa mpaka iwe makopa. Njaa ilipobana, watu walitumia njia ya haraka iitwayo chinyanya, ya kutwanga mihogo mibichi na kuianika, kisha kurudia, ili unga upatikane mapema.

Biolojia yake ni hii. Muhogo mchungu una dutu iitwayo linamarini. Ukiukata au kuutwanga, kimeng'enya cha muhogo wenyewe hukutana na linamarini na kuivunja, na mwisho wake hutoka sayanidi. Sayanidi hupotea hewani kwa urahisi, ila inahitaji muda. Isipopewa muda wa kutosha inabaki kwenye unga, pamoja na dutu zinazoizalisha.

Ndani ya mwili, sayanidi hushika madini ya chuma yaliyo katika kimeng'enya cha mwisho cha upumuaji wa seli, pale ambapo oksijeni ingefanyiwa kazi. Oksijeni ipo kwenye damu, lakini seli haiwezi kuitumia. Kimeng'enya hicho kipo karibu katika kila seli yako, kwa hiyo sayanidi haibagui. Ubongo ndio unaoumia mapema kwa sababu una takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni yote. Ndiyo maana dalili za kwanza ni kizunguzungu, maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kutapika na udhaifu.

Mwili una njia ya kujitetea. Kimeng'enya kingine hubadilisha sayanidi kuwa tiosayaneti, isiyo na madhara makubwa, ambayo hutoka kwa mkojo. Kazi hiyo inahitaji salfa, na salfa hiyo hutoka kwenye protini ya chakula kama kunde, mbaazi, samaki na mayai. Mtu anayekula ugali wa muhogo mchungu na mboga isiyo na protini kwa wiki nyingi yuko katika hatari zaidi, na baadhi ya watu katika hali hiyo hupata konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona. Ukiulizwa umuhimu wa mlo kamili, mfano huu utakutofautisha na wale wanaoandika kwashiakoo tu.

Asetilikolini na bomba la kupulizia mikorosho

Sasa tuje kwenye kimeng'enya cha neva hasa. Ujumbe ukifika mwisho wa seli ya neva, haurukii seli inayofuata kama umeme unavyoruka. Kuna mwanya mdogo uitwao sinapsi. Neva humwaga kemikali kwenye mwanya huo, kemikali hushika vipokezi vya upande wa pili, na ujumbe unaendelea. Mojawapo ya kemikali hizo ni asetilikolini. Iko kati ya neva na misuli, iko kwenye neva za tezi, moyo na utumbo, na iko ndani ya ubongo, ambako inahusika na kumbukumbu na umakini.

Ujumbe ukishafika, asetilikolini lazima iondolewe. Kazi hiyo inafanywa na asetilikolinesterasi, kimoja kati ya vimeng'enya vyenye kasi kubwa kabisa: molekuli moja huvunja maelfu ya molekuli za asetilikolini kwa sekunde. Kisipofanya kazi, misuli inaendelea kuamrishwa, tezi zinaendelea kutoa maji yake, na ubongo unapokea kelele badala ya ujumbe.

Katika Newala na Masasi, viuatilifu ni sehemu ya maisha. Mikorosho hupuliziwa, na mwanafunzi wa likizo mara nyingi ndiye anayebeba bomba. Tofautisha mambo mawili hapa. Salfa ya unga inayotumika dhidi ya ubwiri unga inapambana na kuvu; inawasha macho na kifua, lakini si kizuizi cha asetilikolinesterasi. Baadhi ya dawa za maji za kuua wadudu ndizo zinazozuia kimeng'enya hiki, hasa za makundi mawili: ogano-fosfati, kwa mfano profenofosi, na kabameti. Mdudu ana asetilikolinesterasi, na wewe unayo. Sumu iliyokusudiwa kwa mdudu haikuachi wewe eti kwa sababu una akili.

Kabameti huachia baada ya saa kadhaa. Ogano-fosfati hujifunga kwa nguvu, na kadiri muda unavyopita kifungo kinakuwa cha kudumu.

Dalili usizikariri kama orodha ya maduka. Zitoe kwenye kanuni: asetilikolini imezidi kila mahali inapofanya kazi. Kwenye tezi, mate, machozi, jasho na makohozi vinazidi. Kwenye utumbo na kibofu, mtu anatapika, anaharisha, anakojoa bila kujizuia. Mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya kalamu. Misuli inatetemeka kisha inalegea. Ubongo unaleta wasiwasi, kuchanganyikiwa, degedege na kupoteza fahamu. Kinachoua mara nyingi ni kushindwa kupumua: mapafu yamejaa majimaji, misuli ya kupumua imechoka, na sehemu ya ubongo inayoamrisha upumuaji imevurugika.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo shambani, mwondoe kwenye dawa, mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji mengi na sabuni huku wewe ukijikinga mikono. Usimtapishe. Usipoteze muda kutafuta maziwa. Maziwa hayafungui kimeng'enya kilichofungwa. Mpeleke hospitali, iwe Mkomaindo, Ndanda au Newala, na ubebe chupa yenye lebo ili daktari ajue ni kundi gani.

Hospitali atapewa atropini. Mtego mmoja wa mtihani uko hapa: atropini haikiachilii kimeng'enya. Inakaa kwenye vipokezi ili asetilikolini iliyozidi isivishike. Dawa nyingine, pralidoksimu, ndiyo inayoweza kuitoa ogano-fosfati kwenye kimeng'enya, ikiwahi kabla kifungo hakijawa cha kudumu. Mwanafunzi anayeeleza tofauti hiyo ameelewa mada.

Na zile chupa tupu za dawa ambazo baadhi ya nyumba hutilia mafuta ya taa, au hata mafuta ya kula: toboa, usitumie tena.

Kimeng'enya kile kile, sasa ni tiba

Huko Afrika Magharibi kuna mbegu ya Calabar, ambayo zamani mtuhumiwa alinyweshwa kama kiapo ili ijulikane kama ana hatia. Ndani yake mna fisostigmini, kizuizi cha asetilikolinesterasi. Mwaka 1934 daktari Mary Walker, huko Greenwich, Uingereza, aliitumia fisostigmini kwa mgonjwa wa mayasthenia, ugonjwa wa udhaifu wa misuli. Katika ugonjwa huo vipokezi vya asetilikolini kwenye misuli ni vichache. Ukikizuia kidogo kimeng'enya, asetilikolini inakaa muda mrefu zaidi na vipokezi vichache vilivyopo vinapata nafasi ya kushikwa. Nguvu za mgonjwa zilirudi kwa muda. Dutu iliyotumika kuua ikawa tiba, kwa kiasi kidogo na mahali panapofaa.

Hapo ndipo wanasayansi walipoanza kutafuta vizuizi teule, yaani vinavyochagua. Kuchagua kuna namna mbili, na wanafunzi wengi hujua moja tu.

Namna ya kwanza ni kuchagua mahali. Kati ya damu na ubongo kuna ukuta wa seli zilizobanana ambao hauruhusu kila kitu kupita. Neostigmini, dawa inayotumika hospitalini, ina chaji ya umeme na haipiti ukuta huo kwa urahisi, kwa hiyo inafanya kazi kwenye misuli na kuuacha ubongo. Donepezili inapita. Ndiyo maana inatumika kwa ugonjwa wa Alzheimer, ambapo seli za ubongo zinazotoa asetilikolini hupungua na mzee anapoteza kumbukumbu. Donepezili haiponyi ugonjwa huo wala hairudishi seli zilizokufa. Inasaidia asetilikolini kidogo iliyobaki idumu zaidi.

Angalia madhara ya donepezili: kichefuchefu, kuharisha, mapigo ya moyo kupungua, misuli kukakamaa. Rudi juu usome dalili za kiuatilifu. Ni familia moja, ila hapa ni hafifu kwa sababu kipimo ni kidogo na dawa inaachia.

Namna ya pili ni kuchagua kimeng'enya, na hadithi yake ni ndefu kidogo.

Jibini na dawa ya huzuni

Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View mjini New York, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa dawa mpya mbili za ukoo mmoja, isoniazidi na iproniazidi. Wagonjwa walipata hamu ya kula, na baadhi yao walichangamka kupita ilivyotarajiwa kwa watu waliolala wodini miezi mingi. Mwaka huo huo mtafiti Zeller alionyesha kwamba iproniazidi inazuia kimeng'enya kiitwacho monoamini oksidesi, tukiite MAO. Kazi ya MAO ni kuvunja kemikali za neva kama serotonini, noradrenalini na dopamini. Kizuie, na kemikali hizo zinaongezeka. Kufikia 1957 iproniazidi ilikuwa inatumika kutibu sonona.

Baadaye iliondolewa katika nchi nyingi kwa sababu ya kuharibu ini. Dawa nyingine za kundi lake ziliendelea, na zikaleta tatizo la ajabu: baadhi ya wagonjwa walipata maumivu makali ya kichwa ya ghafla, shinikizo la damu likapanda, na wengine wakafa kwa kuvuja damu kwenye ubongo. Mwaka 1963 daktari Barry Blackwell, London, alihusisha jambo hilo na jibini.

Maelezo yake ni biolojia ya kidato cha nne kabisa. Chakula chenye protini kikikaa, bakteria hutengeneza humo dutu iitwayo tiramini. Jibini iliyokomaa inayo, na samaki au nyama iliyokaa vibaya pia. Kwa kawaida MAO iliyoko kwenye utumbo na ini huivunja tiramini kabla haijafika mbali. Lakini mgonjwa huyu alimeza dawa kwa ajili ya ubongo, na dawa ikazuia MAO ya utumbo vilevile. Tiramini ikapita, ikasukuma noradrenalini nyingi itoke kwenye neva, mishipa ya damu ikabana, shinikizo likapaa.

Ikagundulika kuwa MAO ni mbili, A na B. Ile ya utumbo inayoshughulika na tiramini ni A hasa. Ndani ya ubongo wa binadamu B ipo kwa wingi na huvunja dopamini. Joseph Knoll wa Hungaria na wenzake walitengeneza selejilini, inayozuia B na kuiacha A. Hutumika kwa ugonjwa wa Parkinson, ambapo dopamini imepungua na mgonjwa anatetemeka na kuwa mzito wa kutembea. Kwa kipimo cha kawaida cha vidonge, miligramu 10 kwa siku, hatari ya tiramini ni ndogo sana.

Sasa mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. La kwanza: kuchagua kunategemea kiasi. Ukipandisha kipimo cha selejilini, inaanza kuzuia A pia, na hatari ya jibini inarudi. Neno "teule" kwenye karatasi ya dawa halina maana ya "salama kwa kiasi chochote". La pili: kuchagua si sawa na kuachia. Selejilini inachagua, lakini haiachii. Mgonjwa akiacha vidonge leo, kimeng'enya kitabaki kimezuiwa mpaka mwili utengeneze kingine, ndiyo sababu madaktari husubiri takriban siku 14 kabla ya kumpa baadhi ya dawa nyingine. Dawa za sonona zinazoongeza serotonini, pethidini ya maumivu, na hata baadhi ya dawa za mafua zinazouzwa dukani zinaweza kugongana nayo vibaya. Mtu anayetumia dawa yoyote ya kundi hili lazima amwambie mfamasia kabla ya kununua nyingine.

Isoniazidi, ndugu aliyebaki

Isoniazidi haikuondoka. Ipo katika kila kituo kinachotibu kifua kikuu Tanzania, ndani ya dozi ya miezi sita, na hutolewa pia kwa watu wanaoishi na VVU ili kuwakinga na kifua kikuu. Inazuia kimeng'enya ambacho bakteria hutumia kujenga ukuta wake, na binadamu hajengi ukuta wa namna hiyo. Hapa kuchagua ni kuzuri kuliko mifano yote ya juu.

Lakini isoniazidi pia huvuruga vitamini B6, na vimeng'enya kadhaa vya neva haviwezi kufanya kazi bila vitamini hiyo. Kimojawapo hutengeneza GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza. Mgonjwa aliye kwenye dozi anaweza kuhisi ganzi au kuchomwachomwa miguuni, na ndiyo maana wengi hupewa vidonge vya B6 pamoja nayo. Mtu akimeza isoniazidi nyingi kwa mkupuo, GABA inashuka na anapata degedege linalokataa dawa za kawaida. Tiba yake ni B6 yenyewe. Vidonge hivyo viwekwe mbali na watoto. Na mgonjwa anayehisi ganzi asiache dozi kimyakimya, arudi kliniki: kuacha dozi kunazaa kifua kikuu sugu.

Maswali ya kujipima

1. Mkulima wa Newala amepulizia mikorosho bila barakoa wala glavu. Jioni anatokwa mate mengi, mboni zake ni ndogo na misuli inatetemeka. (a) Taja kimeng'enya kilichozuiwa. (b) Eleza kwa nini kila dalili imetokea. (c) Kwa nini atropini inamsaidia ingawa haikifungui kimeng'enya?

Katika (b) alama ziko kwenye kiungo kati ya sababu na matokeo. "Kwa sababu ya sumu" si jibu. Andika: asetilikolini haivunjwi, inabaki kwenye sinapsi, inaendelea kuchochea tezi za mate, kisha fanya hivyo kwa mboni na kwa misuli.

2. Kwa nini mwaka 1988 mihogo iliwadhuru watu wa Masasi ilhali waliizoea? Toa hoja moja ya utayarishaji na moja ya lishe.

3. Mgonjwa A anatumia kizuizi cha MAO kisichobagua. Mgonjwa B anatumia selejilini miligramu 10. Mgonjwa C ameamua mwenyewe kuongeza selejilini mara sita ili apone haraka. Wote wamekula samaki aliyekaa. Nani yuko hatarini, na kwa nini?

Jibu la swali la 3: A na C. Kwa A, MAO ya utumbo imezuiwa tangu mwanzo, kwa hiyo tiramini inapita. Kwa C, kiasi kikubwa kimeondoa uteule wa dawa, na MAO A imezuiwa pamoja na B. Kwa B, MAO A ya utumbo bado inavunja tiramini. Ukiandika kwamba B yuko salama kwa sababu dawa yake "inaachia", umepoteza alama: selejilini haiachii, inachagua tu.